Mtambaapanya wa Mbinguni

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu. Niliifundisha methali hiyo kwa miaka 37 bila kudhani kuwa siku moja ingenijia kwa miguu yake miwili, ikiwa imeshika simu mkononi na kuniita babu.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Alikuja kwetu Tanga kwa likizo, naye alikuwa amepewa kazi ya kuchagua picha moja ya anga na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe. Akachagua mojawapo ya picha za darubini ya James Webb zilizotolewa Januari 2024, zinazoonyesha galaksi 19 zenye umbo la msokoto. Aliyoipenda yeye ina mstari mnene unaokatiza katikati, na katika kila ncha ya mstari huo umeanza mkono mrefu wa nyota na vumbi unaojipinda na kuzunguka. Maelezo ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Mtoto akayatia katika programu ya kutafsiri, nayo ikamjibu bila haya: "galaksi ya mzunguko iliyozuiliwa".

"Babu," akaniuliza, "imezuiliwa na nani?"

Nilicheka, maana kosa lenyewe ni la kuchekesha. Neno la Kiingereza lililotumika lina maana mbili: kitu kilichowekewa mti wa kukatiza, na kitu kilichopigwa marufuku. Programu iliona nyota, ikachagua marufuku. Lakini kicheko hakikufika mbali. Niliitazama tena picha ile, nikaitambua. Nilikwisha kuiona zamani, na jibu la swali la mtoto, kama ningetaka kusema kweli, lilikuwa fupi: "Ilizuiliwa na mimi."

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, miaka miwili tu tangu nitoke chuo cha ualimu, nikifundisha Kiswahili na Jiografia katika shule moja ya sekondari ya mkoa huuhuu. Ndio mwaka ambao nyotamkia ya Halley ilipita, na mwezi Aprili wanafunzi walikuwa wakija asubuhi na macho mekundu kwa kukesha nje. Shule ilikuwa na kitabu kimoja cha unajimu, cha Kiingereza, kilicholetwa na mfadhili. Niliruhusu kizunguke darasani dakika kumi kabla ya somo. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, alisimama akiwa ameweka kidole juu ya picha isiyo na rangi. Chini yake paliandikwa NGC 1365, namba niliyoikumbuka daima kwa kuwa ni siku za mwaka zilizotanguliwa na moja.

"Mwalimu, hii kwa Kiswahili inaitwaje?"

Nikamjibu, "Kiswahili hakina neno la kitu hicho. Kaa."

Hakukaa mara moja. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo huku kwetu haionekani?"

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nalo. Yule kijana akakaa. Nikafungua daftari langu, tukaendelea na ngeli za majina.

Msomaji mpenzi, angalia jinsi akili ya mtoto yule ilivyokuwa nyoofu. Mwalimu wake wa lugha amemwambia kuwa lugha yake haina jina la kitu. Yeye alizoea kuwa kila kitu kilichoko kwao kina jina: kila samaki, kila upepo, kila mti wa ngalawa. Akahitimisha kwamba kisicho na jina kwao hakipo juu ya kwao. Hoja hiyo ilistahili jibu, nami nilikuwa na kicheko tu.

Basi na tulijibu leo swali lake, kwa kuchelewa miaka karibu 40.

NGC 1365 ni namba ya galaksi hiyo katika orodha iliyotungwa na J. L. E. Dreyer na kuchapishwa mwaka 1888. Iko umbali wa takriban miaka nuru milioni 60. Nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa kila sekunde, na hiyo inayotufikia usiku huu iliondoka kule wakati dinosaria walikuwa wamekwisha kutoweka duniani, na wale wa Tendaguru kule Lindi walikuwa mawe tangu zamani za kale. Upana wake unakadiriwa kuwa mara mbili ya upana wa Njia Nyeupe, galaksi yetu sisi. Umbali huo haukubuniwa. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, mwanamke wa Kimarekani, alionyesha kwamba zipo nyota zinazong'aa na kufifia kwa mapigo, na kadiri pigo linavyokuwa refu ndivyo nyota inavyokuwa na mwanga mkali zaidi kwa asili yake. Wavuvi wetu wangemwelewa upesi. Ukijua ukali wa karabai, kisha ukaona jinsi inavyofifia kule baharini, unaweza kukadiria chombo kiko umbali gani. Katika miaka ya 1990 darubini ya Hubble ilizitafuta nyota za aina hiyo ndani ya NGC 1365, ikazipata, na kwazo umbali wake ukapimwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonitia aibu nilipolisoma. NGC 1365 ni kitu cha anga ya kusini. Aliyeiandika kwanza ni James Dunlop, Mskoti aliyekuwa akitazama kutoka Parramatta, Australia, mwaka 1826. Eneo la mbingu iliyomo lilipewa jina na Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, naye hakuishia kulitazama kutoka Paris. Alikuja hadi ncha ya bara letu, Rasi ya Tumaini Jema, akakaa huko kuanzia mwaka 1751 kuzihesabu nyota ambazo kwao hazikupanda vizuri. Alipaita mahali pale Tanuri, akikusudia tanuri la mkemia. Mtu wa pwani atafikiria tanuri la chokaa, na hatakuwa amepotea sana.

Kwa mtu wa London, NGC 1365 hata inapofika juu kabisa huwa nyuzi mbili hivi tu kutoka upeo wa macho, imezama katika ukungu na taa za mji. Kwa mtu wa Tanga, hupanda hadi karibu nyuzi 60, theluthi mbili ya njia ya kufika utosini. Mwezi Disemba, kwenye saa nne usiku, mvua zikiwa zimepumzika, ielekee kusini. Itafute Rijeli, nyota angavu ya mguuni mwa Jabari, kisha Akernari, nyota angavu iliyo peke yake upande wa kusini. Vuta mstari baina yake. Karibu na katikati ya mstari, kidogo kuelekea magharibi, ndipo lilipo Tanuri. Kwa macho matupu hutaiona galaksi. Kwa darubini ndogo, mahali penye giza la kweli, utaona doa hafifu kama pumzi juu ya kioo. Lakini ipo. Kijana wangu alikuwa ameweka kidole juu ya kitu kilichokuwa kikipita juu ya paa la baba yake kila mwaka, nami nikamwachia aamini kwamba ni mali ya watu wa mbali.

Kuona huko hakuhitaji mitambo ya mataifa makubwa pekee. Mwaka 2001 nyota ililipuka ndani ya NGC 1365. Aliyeigundua alikuwa Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko Australia, kwa jicho lake mwenyewe na darubini yake ya nyumbani. Alikuwa amezikariri sura za galaksi nyingi sana kichwani, hata nukta moja ngeni ikiingia aliitambua, kama mama mwenye nyumba anavyotambua kuwa sufuria imehamishwa.

Galaksi hii haiko peke yake. Inaishi katika jamii ya galaksi iitwayo kwa jina la Tanuri hilohilo, yenye mamia ya galaksi, nyingi zikiwa ndogo. Katikati yake yuko mkubwa wao, NGC 1399, asiye na mikono wala mstari wa kukatiza, tufe kubwa la nyota kuukuu. Karibu naye iko NGC 1404, ambayo gesi yake inafutwa nyuma yake kama mkia inapopita katika gesi ya moto iliyojaa humo. Pembeni, upande wa kusini-magharibi, liko kundi jirani lililo dogo zaidi, ambalo kiongozi wake ni NGC 1316. Kundi hilo linavutwa polepole kujiunga na jamii kuu. NGC 1316 yenyewe ina makovu ya vumbi na maganda ya nyota yanayoonyesha kuwa ilikwisha kumeza wenzake, nayo inatoa mawimbi makali ya redio kutoka mapande mawili makubwa yaliyo kushoto na kulia kwake. Antena 64 za MeerKAT, huko Karoo, Afrika Kusini, zimekuwa zikiisikiliza jamii hii ili kujua jinsi ujirani unavyoziondolea galaksi haidrojeni yake.

Hapa lugha inanisimamisha. Katika Kiswahili jirani ni neno lenye madai. Jirani ni mtu unayemwomba chumvi, anayesikia mtoto wako akilia usiku, ambaye asipokuja msibani utauliza kulikoni. Nilidhani kuwa kuziita galaksi majirani ni kulitumia neno hilo kwa mkopo tu. La hasha. Galaksi hizi zinavutana, zinapokonyana gesi, zinaachiana makovu, na nyingine zinamezana. Mahali penye msongamano mkubwa, galaksi hunyang'anywa kile ambacho nyota mpya zingetengenezwa kwacho. NGC 1365 haiko pale penye msongamano wa katikati, na bado ina gesi tele ya kuzalia nyota. Niliposoma hayo nililiwaza lile darasa lililocheka, na mwalimu aliyekuwa katikati yake.

Ilibaki kazi ya jina. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba hatutaandika "iliyozuiliwa", tutalitafuta neno wenyewe. Galaksi ni neno tulilokwisha kulipokea, na limetulia kinywani. Kwa umbo la mikono, wengine husema spirali. Mimi ninapendelea msokoto, kwa kuwa kila aliyeona tumbaku au kamba ikisokotwa ataliona umbo hilo. Ugumu ulikuwa katika ule mti wa kukatiza. Tukajaribu ufito. Mwembamba mno. Tukajaribu upau. Upau haukai peke yake, huwa mmoja kati ya pau nyingi. Tukajaribu mhimili. Huo husimama au huzungukiwa, wakati huu wa galaksi umelala, nao unazunguka pamoja na vyote.

Msinielewe vibaya kwamba naona haya kukopa. Anga yetu imejaa mikopo: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali vilitujia kwa Kiarabu, na leo hakuna anayeviita vigeni. Hata Akernari, ukiifuata nyuma, ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya mwisho wa mto, na lile neno la mwisho ni ndugu wa ahera yetu. Lakini tuna vya kwetu pia. Kilimia kimebeba kilimo ndani ya jina lake, kwa kuwa kilimwambia mkulima msimu. Waliokipa jina hawakungoja kamati. Walitazama, wakaita kwa kazi waliyoijua.

Wiki hiyo kibanda chetu cha uani kilikuwa kikiezekwa upya kwa makuti. Fundi wangu ni wa siku nyingi. Ni yeye hasa, yule mtoto wa mvuvi. Aliacha shule mwaka uliofuata baba yake alipofariki, akajifunza useremala, na leo ana vijana wanne chini yake. Kwa miaka yote hiyo ameniita mwalimu, ameniamkia shikamoo, amenitengenezea milango na vitanda, nami sikuwahi kulitaja swali lile. Mjukuu wangu, asiyejua lolote kati ya haya, alisimama chini ya ngazi akamwinulia simu.

"Fundi, shikamoo. Eti huu mti wa katikati, ingekuwa nyumba, ungeuitaje?"

Fundi aliipokea simu, akaitazama kwa muda, akiigeuza huku na huku kama anavyogeuza ubao kutafuta kasoro. "Umelazwa kutoka upande hadi upande," alisema. "Hizi nyingine zote zimeanzia kwenye ncha zake. Huu mtambaapanya, mama."

Mtambaapanya! Neno nililolipita mara nyingi katika kamusi bila kulipa salamu: mti unaolazwa juu, kutoka ukuta hadi ukuta, kusaidia kushika paa, na ambao usiku panya huutumia kama barabara. Nilikaa kwenye kigoda. Maana sikuwa nimemweleza mtu yeyote mle uani ule mstari wa galaksi unafanya kazi gani. Wanaastronomia wanasema kuwa mstari huo ni njia. Gesi na vumbi vilivyo mikononi, vikifika kwenye mstari, hupoteza mwendo wake wa kuzunguka na kutambaa kufuata urefu wake hadi katikati. Huko hurundikana, na nyota mpya huzaliwa kwa makundi. Sehemu nyingine huishia kwenye shimo jeusi lenye uzito wa takriban Jua milioni 2, ambalo mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kuwa linajizungusha kwa kasi iliyokaribia upeo unaoruhusiwa na maumbile. Mtambaapanya, basi, si umbo tu bali na kazi pia: mti uliolala ambao kitu hutambaa juu yake gizani kwenda kula. Tena Njia Nyeupe yenyewe, kwa ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1990, ina mtambaapanya wake. Sote tunaishi chini ya paa la namna hiyo.

Jioni, vijana wake walipoondoka, nilimwomba fundi abaki tunywe kahawa. Nikamsimulia swali lake la mwaka 1986, jibu langu, na kicheko. Nikamwambia kuwa nilikosea mara mbili: niliisingizia lugha ufukara uliokuwa wangu, na nikamwacha aamini kitu kile hakionekani kwetu ilhali kwetu ndiko kinakoonekana vizuri. Nikamwomba radhi.

Alikaa kimya, akizungusha kikombe. "Mwalimu," alisema mwishowe, "swali hilo silikumbuki hata kidogo. Usijitese." Nikaanza kupumua. Kisha akaongeza, kwa upole uleule wa mtu anayemheshimu mzee wake, "Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa tunaambiana: kipindi cha mwalimu huyu, usiulize kilicho nje ya daftari."

Nililibeba swali moja kwa miaka karibu 40 nikidhani ndilo deni langu. Kumbe swali moja lilikuwa riba tu. Deni lenyewe ni yale ambayo hayakuulizwa, na hayo sina orodha yake. Kuuliza si ujinga, tuliandika ubaoni kwa chaki, kisha tukawafundisha watoto kinyume chake kwa uso.

Sikupewa msamaha mkubwa jioni ile, wala sikuustahili. Nilipewa kazi. Fundi aliniuliza, "Sasa hiyo tanuri, wasema iko upande gani?" Nikamwonyesha kwa mkono, kusini, juu ya mnazi wa jirani, nikamweleza habari za Rijeli na Akernari. Akaniambia kuwa Akernari anaijua, marehemu baba yake alikuwa akiifuata akitoka kuvua, ila hakujua kwamba ina jina vitabuni. Tumekubaliana kuwa Disemba, mvua zikitupa nafasi, tutazima taa za uani na kutazama, yeye, mimi na mjukuu wangu. Hatutaiona galaksi kwa macho. Tutajua tu pa kutazama, na kwa watu wa umri wetu hilo si dogo.

Mtoto aliandika kazi yake kwa Kiingereza kama alivyotakiwa, lakini chini yake aliongeza sentensi moja: "Kwa Kiswahili hii ni galaksi ya msokoto yenye mtambaapanya." Sijui mwalimu wake ataisahihishaje. Nami silazimishi neno hili kwa yeyote. Wataalamu wa istilahi wakileta lililo bora nitalishika. Ninachowaombeni, walimu wenzangu mlio bado madarasani, ni kwamba mkiulizwa jina msilolijua, msiseme lugha haina. Semeni: mimi sinalo, twende tukamuulize fundi.

Nafunga kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yetu hapa:

Niliulizwa zamani, jina la nyota za kule,
Nikajibu darasani, hatunalo neno lile,
Kumbe limo mdomoni, mwa fundi aliye pale,
Maswali ya utotoni, tusiyazime milele.